Kiambishi cha gesi isiyoonekana

Mtu akisema "kimevunjika", jina halikutajwa, ila ki- imetupa ngeli yake. Ndivyo wanaastronomia wanavyosoma gesi ya M51, galaksi jirani yenye mikono iliyojisokota. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu baridi ya molekuli za hidrojeni, na baridi hiyo huifanya hidrojeni iwe bubu. Basi hupima monoksidi ya kaboni iliyochanganyika nayo, kwa mawimbi ya milimita 2.6. (Ndiyo hiyo inayoua watu waliofunga mlango na mbabula chumbani.)

Lakini pembezoni mwa galaksi kaboni na oksijeni hupungua: kiambishi hufifia, jina lipo. Sisi wa Hewa Bora tunasema "kitabu ilianguka". I- haionyeshi ngeli, kitabu ni kitabu. Kwa hiyo natafsiri "ramani ya monoksidi ya kaboni", si "ramani ya hidrojeni".