Mgao wa Nafasi Katika Kompyuta

Muhula uliopita kazi yangu ya jiografia, kurasa kumi na mbili juu ya karafuu, haikuhifadhika. Diski ya kompyuta kuu tuitumiayo sote ilikuwa imejaa. Mwenzetu mmoja alikuwa ameijaza filamu. Simtaji, mwenyewe anajijua. Mwalimu akaniambia, "Basi kaa hapa tuitie mgao."

Wakaao nyumba za ghorofa Mji Mkongwe, wakiteka maji tangi moja, wanajua maana ya mgao. Katika Unix aliyeuandika ni Robert Elz wa Melbourne, Australia, ukatoka pamoja na 4.2BSD mwaka 1983.

Tulifanya hivi. Katika faili la /etc/fstab, mstari wa /home, tuliongeza neno usrquota, kisha tukaipachika upya kwa mount -o remount /home. Tukaamuru quotacheck -cum /home ili mashine ihesabu kila mtu ametumia kiasi gani, halafu quotaon /home. Mwisho edquota -u na jina la mtumiaji. Hapo pana mipaka miwili, na wengi huichanganya. Mpaka laini tuliuweka 512000, yaani MB 500, kwani kipimo chake ni KB. Huo waweza kuupita, lakini kwa siku 7 tu. Zikiisha nawe hujapunguza, huandiki tena. Mpaka mgumu, 614400, haupitiki hata kidogo. Sifuri maana yake hapana mpaka, basi usiiache kwa kusahau!

Tulipotazama kwa repquota -a, jina la pili kuzidi lilikuwa langu: picha za kima punju wa Jozani, za safari ya darasa, nilizokwisha kuzisahau.