SOMO LA UOKOZI: KIONGOZI HUPIMWA KWA WALE ALIOWAFUNDISHA

Utangulizi

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kwamba kazi ya zimamoto na uokozi haianzi pale king'ora kinapolia. Huanza siku nyingi kabla, pale askari mzoefu anapomwonyesha askari mgeni namna ya kukunjua mpira wa maji bila kuusokota, na pale afisa anapofika kijijini kumfundisha mvuvi namna ya kumpandisha chomboni mtu anayezama. Somo la leo linahusu uongozi, mafunzo na ulezi wa kazi katika huduma hiyo.

Mfano wetu mkuu hautoki visiwani. Unatoka Kihagara, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Tumeuchagua kwa makusudi. Hali ya huko haipishani sana na ya Tumbatu, Kojani au Fundo, na mfano wa mbali humwezesha mtu kujitazama bila kuona haya.

1. Hali ya mahali

Kihagara ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyozaliwa kutokana na Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Upande mmoja iko milima ya Wamatengo, upande wa pili liko ziwa. Watu wake huishi kwa uvuvi na kilimo, na usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa taa. Upepo wa kusini uitwao mwera ukivuma, ziwa hugeuka ghafla, na mitumbwi iliyotoka katika maji tulivu hujikuta katika mawimbi makubwa.

Makao makuu ya mkoa yako Songea. Kutoka Songea hadi Mbinga ni mwendo wa takriban kilomita 100, na kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za barabara inayoteremka mlimani. Mwenye kwenda Kihagara kwa njia hiyo, akifika Mbamba Bay, bado ana safari ya kupanda kaskazini kandokando ya ziwa. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: nyumba ya nyasi huteketea kwa dakika chache, na mtu asiyejua kuogelea hazidishi dakika chache juu ya maji. Gari la zimamoto linalotoka mjini, hata dereva wake awe hodari namna gani, litakuta majivu au maiti.

Kwa hiyo basi, mahali kama hapo mwokoaji wa kwanza ni jirani. Suala la uongozi katika huduma hii linakuwa hili: je, jirani huyo amefundishwa na nani?

2. Mafunzo mawili ya Bukoba

Ziwa jingine la nchi yetu limetupa mafunzo mawili yanayofaa kusomwa pamoja.

La kwanza ni la tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Baada ya kupinduka, meli ilibaki ikielea juu chini, na ndani yake walikuwamo watu waliokuwa hai kwa sababu ya hewa iliyobanwa chini ya bati. Waliotaka kuwaokoa walitoboa bati hilo. Hewa ikatoka, nayo meli ikazama. Waliofanya hivyo walikuwa na nia njema, na ujasiri hawakuukosa. Kilichokosekana ni ujuzi wa kazi ile, na kiongozi mwenye ujuzi huo wa kusema, "Ngojeni, tuanze na hili kwanza."

La pili ni la tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43; waliookoka ni 24 na waliofariki ni 19. Wavuvi waliokuwa karibu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchini kote. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe, alijaribu pia kuwafikia marubani, akapigwa na kamba iliyokatika, akazimia, akaja kuzinduka hospitalini. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apate mafunzo.

Agizo hilo lina maana kubwa kuliko zawadi kwa mtu mmoja. Linakiri kwamba ujasiri ni mali ghafi, na kwamba mali ghafi huhitaji kiwanda. Mvuvi huyo alikuwa na mkono wenye nguvu, macho yaliyozoea maji na moyo usioogopa. Kama angekuwa amefundishwa kabla, huenda angejua mahali pa kusimama kamba inapokazwa. Ni wangapi wa namna yake wako Kihagara leo, au Nungwi, ambao hatutawajua mpaka siku ya msiba?

Nungwi twaitaja kwa sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, na wavuvi pamoja na vyombo vya hoteli za ufukweni walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Jambo lililoonekana Bukoba kwetu si geni.

3. Kiongozi katika huduma ya zimamoto

Tanzania Bara, vikosi vya zimamoto vilivyokuwa chini ya halmashauri viliunganishwa kuwa jeshi moja kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na chuo cha jeshi hilo kiko Chogo, Handeni, mkoani Tanga. Zanzibar tunacho Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, miongoni mwa Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi. Kote kuwili, cheo kinaonekana begani. Lakini uongozi unaonekana mahali patatu.

(a) Kwenye tukio. Hapana budi awepo mkuu mmoja wa tukio. Kazi yake ni kutazama mambo yote kwa pamoja: upepo unavuma wapi, watu wangapi hawajulikani walipo, nani ameingia ndani na nani ametoka. Mkuu anayeshika mpira wa maji mwenyewe huwa ameacha kuongoza. Aidha, mtu mmoja hawezi kuwasimamia wengi kwa wakati mmoja. Watano wanatosha, na wakizidi sana wagawanywe katika makundi, kila kundi na kiongozi wake.

(b) Baada ya tukio. Kikosi kizuri hukaa pamoja siku hiyo hiyo au kesho yake na kuulizana maswali manne: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini kikatokea, na wakati mwingine tutafanyaje. Katika kikao hicho mkuu aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe. Akifanya hivyo, konstebo mdogo atapata ujasiri wa kusema alichokiona. Asipofanya hivyo, kila mtu atanyamaza, na kosa litarudi.

(c) Wakati wa utulivu. Hapa ndipo viongozi wengi hupotea. Siku zisizo na moto ni nyingi kuliko zenye moto. Kiongozi anayezitumia kwa mazoezi anajenga kikosi. Anayezitumia kwa kusubiri anakibomoa pole pole.

4. Ulezi wa kazi

Chuo humpa askari elimu, lakini mlezi ndiye humpa mazoea. Askari mgeni apangiwe askari mzoefu atakayekuwa naye kwa muda maalumu, na ulezi huo ufuate hatua. Kwanza, mgeni atazame. Pili, afanye akiwa ameshikwa mkono. Tatu, afanye peke yake huku akitazamwa. Nne, amfundishe mwingine, maana mtu hajajua kazi mpaka ameweza kuieleza kwa maneno mepesi.

Mlezi hana budi kujua kutofautisha mambo mawili. Yako makosa ya kujifunzia, mathalan fundo lililofungwa vibaya katika mazoezi. Hayo yasahihishwe kwa upole. Yako pia mambo yasiyo na mzaha, kama kuingia katika moshi peke yako au kumfuata anayezama bila kamba. Hayo yakatazwe kwa sauti ya amri. Mlezi anayekemea kila kitu hatasikilizwa siku ya hatari, wala mlezi asiyekemea lolote.

Ulezi usiishie kambini. Afisa akifika kijijini, awatafute wale ambao watu tayari huwafuata: mkuu wa wavuvi, mwalimu, mkunga, kiongozi wa kijiji au sheha. Awafundishe wachache kwa kina, na mazoezi yarudiwe kila msimu. Mhadhara mmoja mbele ya umati husahaulika kabla jua halijatua. Mikono iliyorudia jambo mara kumi haisahau.

5. Mambo ambayo kila mkazi afundishwe

1. Anayezama afikiwe kwa kitu kabla ya kufikiwa kwa mwili: mnyooshee kasia au mti, haufiki, mtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa vizuri, hakifai, mwendee kwa chombo. Kumrukia majini ni njia ya mwisho, na ni ya aliyefunzwa.

2. Mtumbwi mwembamba huweza kupinduka mtu akivutwa kwa ubavuni. Apandishwe kwa tezi au omo, huku waliomo wakikaa chini.

3. Mafuta yanayowaka katika kikaango yasimwagiwe maji. Yafunikwe kwa kifuniko au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, na moto wa chini uzimwe.

4. Mwenye nguo zinazowaka asikimbie. Alale chini na kubiringika. Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Lisipakwe mafuta, dawa ya meno wala majivu.

5. Moshi huua kabla ya moto. Anayetoka ndani ya nyumba atambae, maana hewa nzuri iko chini.

6. Paa la nyasi likishika moto, kwanza watu watolewe na kuhesabiwa, kisha mapaa ya jirani upande unakokwenda upepo yaloweshwe. Nyumba moja ikipotea, kijiji kisipotee.

7. Petroli ya mashine za boti isiwekwe chumba cha kulala wala karibu na jiko.

8. Mtu mmoja atajwe kwa jina kwenda kupiga simu. Kwa Tanzania Bara namba ya zimamoto ni 114. Asemapo, ataje mahali, aina ya tukio na idadi ya watu walio hatarini.

Hitimisho

Afisa anaweza kustaafu akiwa na medali nyingi kifuani. Lakini hesabu ya kweli ya utumishi wake iko kwa mvuvi wa Kihagara au wa Kojani ambaye usiku mmoja, hakuna afisa wala gari, anakumbuka alichofundishwa na kunyoosha kasia badala ya kujitupa majini. Siku hiyo afisa hatakuwapo. Kilichopo ni mafunzo yake.

Maswali ya kujadili kazini na vijijini

1. Katika kituo au shehia yako, nani atakuwa mkuu wa tukio kabla wataalamu hawajafika? Je, watu wanamjua?

2. Taja mtu mmoja uliyemfundisha kazi mwaka huu mpaka akaweza kumfundisha mwingine.

3. Mara ya mwisho mazoezi ya uokozi yalifanyika lini mahali pako, na kosa gani lilionekana?