Mizunguko mifupi ndani ya mkataba wa hatua: mwongozo kwa watengenezaji wa programu Mugumu

Mwongozo huu unawahusu watengenezaji wa programu, maafisa TEHAMA na wasimamizi wa miradi wanaohudumia halmashauri, hospitali na asasi za Wilaya ya Serengeti. Wengi hufanya kazi chini ya mkataba wa hatua: mahitaji huandikwa, mfumo husanifiwa, hujengwa, hujaribiwa, kisha hukabidhiwa. Mtumiaji huuona siku ya makabidhiano, fedha zikiwa zimekwisha. Winston Royce, ambaye makala yake ya mwaka 1970 hutajwa kuwa chimbuko la utaratibu huo, alionya humohumo kwamba kuacha majaribio hadi mwishoni ni hatari. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakatoa azimio la ajaili (Agile), yaani la kujenga programu kwa mizunguko mifupi: programu inayofanya kazi itangulie nyaraka, na ushirikiano na mteja utangulie mabishano ya mkataba.

Mugumu ina mfano wake wa kazi ya namna hiyo. Tangu 2015 Crowd2Map Tanzania imekuwa ikichora vijiji vyetu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ili wasichana walio katika hatari ya kukeketwa wafikiwe kwa haraka. Watu wanaojitolea, wengi wakiwa ng'ambo, huchora barabara na nyumba kwa kufuata picha za setilaiti. Wenyeji wenye simu janja huongeza majina ya vijiji, zahanati na makanisa. Ramani ya namna hiyo haina siku ya kukamilika. Hata hivyo Hope for Girls and Women Tanzania, yenye nyumba salama Mugumu na Butiama, huitumia jinsi ilivyo, na kila kijiji kinachoongezwa kina faida tangu siku hiyo.

Ili kufanya kazi kwa mtindo huo, usipigane na mkataba. Hatua zinazodaiwa na sheria ya ununuzi wa umma zibaki. Igawe hatua ya ujenzi peke yake katika mizunguko ya wiki mbili hadi nne, kila mzunguko utoe sehemu inayotumika, na malipo yafuate sehemu hizo. Hadidu za rejea zieleze tatizo na matokeo yanayotakiwa, kisha ziambatishiwe orodha ya vipaumbele. Kifungu kimoja kimtaje mwenye mamlaka ya kubadilisha vipaumbele hivyo, bei na muda vikibaki vilevile. Bila kifungu hicho kila badiliko litahitaji nyongeza ya mkataba, na mizunguko itabaki jina tu. Muhtasari wa kila kikao utiwe saini, kwa kuwa mkaguzi atauomba.

Sehemu ngumu zaidi ni mtumiaji. Chukua fomu ya kuripoti ukatili wa kijinsia. Mzunguko wa kwanza uwe na fomu moja fupi, kwa mfano kwenye programu ya ODK, inayojazwa bila mtandao na kutumwa mtandao unapopatikana. Ipelekwe kijijini, ijazwe na mtumiaji mwenyewe kwenye simu anayoitumia kila siku, nawe ukae kimya uangalie. Swali la tarehe ya kuzaliwa likimkwamisha, lirekebishwe wiki hiyohiyo. Akitaka kueleza jambo kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, awepo wa kumsikiliza. Kumwita afisa mmoja ofisini aseme kwa niaba ya vijiji vyote hakutoshi.

Lipo jambo lisilojaribiwa kwa mizunguko: usalama wa taarifa za msichana anayeripoti. Nani ataona jina lake, zitahifadhiwa wapi, zitafutwa lini. Haya yaamuliwe na kuandikwa kabla ya mzunguko wa kwanza, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majaribio yatumie taarifa za kubuni tu. Hapa utaratibu wa zamani ndio bora. Taarifa ikivuja, familia ikajua nani ameripoti, toleo jipya la programu halitarudisha siri hiyo.

Kalenda nayo izingatiwe. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ndio msimu wa ukeketaji; kuanzia Novemba mfumo usibadilishwe isipokuwa kurekebisha hitilafu. Ziara za vijijini zisipangwe katikati ya masika.

Maafisa ununuzi na maafisa TEHAMA, kiwekeni kifungu cha vipaumbele katika hadidu za rejea kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1.