DHAMIRA YAKO NI IPI, NA NANI ANAKUPIMA?



Shule nyingi zina wito ulioandikwa langoni, na kila mpitaji anausoma. Je, wewe mwanafunzi unao wa kwako? Dhamira ya mtu binafsi ni sentensi chache zinazosema: nataka kuwa mtu wa namna gani, na nitafanya nini ili niwe hivyo. Usiichanganye na ndoto ya kuwa daktari au rubani. Kazi huja baadaye. Dhamira huanza leo.

Yangu nimeiandika ndani ya jalada la daftari: nitasema kweli hata ikiniuma, na nitamsaidia aliye nyuma yangu. Rafiki yangu wa bwenini aliposoma akaniuliza, "Sasa huyo aliye nyuma yako atakuona lini?" Nikaongeza: kila Jumamosi baada ya kufua, saa moja ya hesabu. Kumbe swali moja la mwenzangu liliipa dhamira yangu miguu!

Kwa nini tuwaulize wengine? Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hapa Kangundo tunalijua hili kwa kahawa. Mkulima huchuma na kuchambua mwenyewe, mbivu huku, mbichi kule, lakini hajipimii. Kiwandani karani huangalia, hupima kwa mizani na kuandika. Mkulima akiambiwa achambue upya, hajatukanwa. Kahawa yake inaokolewa.

Hata wakubwa walijipima. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa Tanzania. Liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha, mambo ambayo hata jirani angeweza kuyaona. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere aliandika tathmini ya miaka kumi, akasema wazi kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Huko Marekani, Benjamin Franklin alijiandikia maadili 12 ya kufuata. Rafiki yake akamwambia watu wanamwona ana majivuno. Franklin hakununa, aliongeza la 13, unyenyekevu.

Basi, msomaji, ukitaka kujaribu fanya hivi:

1. Andika sentensi mbili tu, zenye tendo ambalo mtu mwingine anaweza kuliona.

2. Chagua watu watatu: anayekupenda, anayekufundisha na asiyekuogopa.

3. Usiulize, "Mimi ni mzuri?" Utajibiwa ndiyo, yaishe. Uliza, "Nibadilishe jambo gani moja?"

4. Sikiliza bila kujitetea, kisha ushukuru. Si kila neno ni la kufuata, maana mwingine husema kwa wivu. Lakini jambo likitajwa na wawili ambao hawakushauriana, lichukue.

5. Mwisho wa muhula soma tena ulichoandika, na uwarudie watu wale wale.

Najua inaogopesha. Wengine wetu tungependa kukaa na wanaotusifu tu. Lakini ripoti ya muhula hutuonyesha alama za hesabu na kemia. Utu hauna mtihani wa taifa. Wanaoujua ni wale tunaolala nao bweni moja na kula nao meza moja. Tuwaulize sasa, kabla hatujatawanyika kila mtu na njia yake.