MANOWARI YENYE UWANJA WA NDEGE

Babu yangu anakaa Kilema, katika mteremko wa Kilimanjaro. Mwezi wa Januari, 1964, alikuwa kibarua bandarini Dar es Salaam. Tangu tulipokuwa wadogo hutusimulia kwamba aliona ndege za jeti zilizotoka baharini. Majirani humcheka. Husema, "Mzee, jeti itakimbilia wapi majini ipate kuruka?" Naye hunyamaza, akanywa mbege yake. Likizo iliyopita niliazimia kutafuta ukweli wa jambo hili, na haya ndiyo niliyojifunza.

Mambo ya 1964

Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara zaidi, na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Jeshi hilo ndilo lililomtoa Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha Mwenge na bendera juu ya Kibo usiku wa Uhuru, 9 Desemba, 1961. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliomba msaada wa Uingereza. Manowari HMS Centaur ikaja kutoka Aden na makomando. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta ziliwashusha karibu na kambi, na uasi ukazimwa upesi. Manowari hiyo ilichukua pia jeti za aina ya Sea Vixen.

Helikopta huinuka wima, haihitaji uwanja. Lakini jeti je? Njia ya ndege ya KIA ina urefu wa mita 3,600 hivi. Sitaha ya Centaur ilikuwa mita 225 hivi tu, yaani ingeingia katika njia ya KIA mara 16.

Kuruka

Ndege huinuliwa na hewa inayopita mabawani. Kwa hiyo kwanza manowari huelekeza omo kwenye upepo na kwenda mbio. Ndege ikiwa imesimama tu, tayari hewa yapita mabawani mwake. Kisha hutumika manati. Si ya mpira kama ile tunayopigia ndege shambani, bali ya mvuke. Chini ya sitaha mna silinda ndefu. Mvuke wenye nguvu husukuma pistoni, nayo pistoni huivuta ndege. Kwa muda wa sekunde chache ndege huwa angani.

Kutua

Ndege ya manowari ina kulabu mkiani. Rubani huiteremsha ili kulabu ikamate mojawapo ya waya zilizotandazwa sitahani, na mitambo iliyo chini huipunguza mbio mpaka isimame. Ajabu ni hii: anapogusa sitaha rubani huongeza moto wa injini, hapunguzi. Kulabu ikikosa waya, sharti aruke tena. Ndiyo sababu njia ya kutulia huchorwa mshazari, asizigonge ndege zilizoegeshwa mbele. Rubani wa kwanza kutua na jeti melini alikuwa Eric Brown wa Uingereza, tarehe 3 Desemba, 1945.

Kazi ya sitahani ni ya hatari. Injini zaweza kumvuta mtu kwa mbele na kumuunguza kwa nyuma, na waya ikikatika huchapa kama mjeledi. Kwa sababu ya kelele, mabaharia husemezana kwa ishara za mikono.

Niliporudi Kilema niliwasomea majirani haya yote. Hawakucheka. Lakini Babu aliniambia, "Mjukuu wangu, sikuwa nikistaajabia ndege. Niliona uchungu. Bendera imepanda Kibo juzi tu, nasi tumewaita tena wale wale walioondoka." Sikuwa nimelifikiri hilo. Baadaye nilisoma kwamba mwaka ule ule askari wa Nigeria walikuja kushika mahali pa Waingereza, na tarehe 1 Septemba, 1964, likaundwa Jeshi la Wananchi. Basi wenzangu, mzee akisimulia, tusikimbilie kucheka. Kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Kwa nini manowari huelekea kwenye upepo ndege inaporuka?
2. Ndege inahitaji hewa ya kilomita 230 kwa saa mabawani. Manowari inakwenda 50, na upepo wa mbele ni 20. Manati iipe mwendo gani?
3. Muulize mzee mmoja wa kwenu anakumbuka nini juu ya Januari, 1964. Andika maneno yake kama alivyoyasema.