Kuchagua Jeki ya Kuinulia Gari la Kulalia

1. Katika nchi za Ulaya watu wengine husafiri kwa motokaa yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Huiita kampa, nasi twaweza kuiita gari la kulalia. Kiwanda cha Volkswagen cha Ujerumani kilianza kuuza gari lake la umbo la sanduku mwaka 1950, na mengi yakageuzwa kuwa nyumba za safari. Magari ya namna hii ni mazito. Mengi ya siku hizi huruhusiwa kufika kilo 3,500 pamoja na watu na mizigo. Gurudumu lipatapo pancha nyumbani, mwenye gari hana budi kuliinua. Asipochagua jeki ifaayo, aweza kupoteza mkono wake, au uhai wake.

2. Kwanza tujue nguvu ya jeki yatoka wapi. Jeki ya parafujo huzungushwa mara nyingi ili ipande kidogo tu. Jeki ya mafuta hutumia kanuni iliyoonyeshwa na Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662): kitu cha majimaji kilichofungwa chomboni kikisukumwa, msukumo huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alitumia kanuni hiyo kufanya shinikizo la maji. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimeta mraba 1, na kubwa 20. Ukisukuma ile ndogo kwa uzito wa kilo 50, ile kubwa huinua kilo 1,000. Lakini ndogo yashuka sentimeta 20 ili kubwa ipande sentimeta 1. Nguvu hupatikana, mwendo hupungua.

3. Sasa tupime uzito. Ikiwa ekseli ya nyuma yabeba kilo 2,000, kila gurudumu lachukua kilo 1,000 hivi. Wala pande mbili si lazima ziwe sawa, maana tangi la lita 100 likijaa maji laongeza kilo 100 upande wake. Kwa hiyo jeki ya tani 1 haitoshi. Afadhali ya tani 2 au 3.

4. Pili, tupime kimo. Pancha hulishusha gari; basi jeki iliyofungwa na iweze kuingia chini yake hata wakati huo. Tena iweze kupanda juu ya kutosha, kwa sababu springi hunyooka kwanza, na mwili wa gari huinuka kabla gurudumu halijaacha ardhi. Jeki ya chupa ina nguvu, lakini yaweza kuwa ndefu mno kuingia. Jeki ya mkasi huingia mahali pa chini. Jeki ya magurudumu hufaa sana nyumbani penye sakafu ya saruji iliyo sawa, bali ni nzito kuchukua safarini.

5. Tatu, tuangalie mahali. Juu ya udongo laini, weka ubao mpana na mnene chini ya jeki. Kaza breki ya mkono, tia kabari kwenye magurudumu yabakiyo chini, na watu wote watoke garini. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua. Weka jeki mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari tu. Miguu ya pembeni, ambayo magari mengine yanayo ili yasitikisike watu walalapo, si ya kuinulia.

6. Neno kubwa ni hili: jeki ni ya kuinua, stendi ni ya kushikilia. Jeki ya mafuta yaweza kuvuja, na ya parafujo yaweza kupinduka. Asiwepo mtu wa kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Bei ya stendi mbili ni ndogo mbele ya uhai wa baba wa watoto.

MASWALI
1. Kwa nini jeki ya mafuta hupanda polepole?
2. Ekseli yabeba kilo 1,800. Kila gurudumu lachukua kilo ngapi? Ungechagua jeki gani?
3. Kwa nini yatupasa kupima kimo wakati gurudumu lina pancha?
4. Eleza tofauti ya kazi ya jeki na kazi ya stendi.