Surua na Safari ya Chanjo

Surua ni ugonjwa wa zamani. Bibi zetu waufahamu sana. Mtoto hushikwa na homa kali, macho huwa mekundu, kikohozi humsumbua. Baada ya siku chache vipele hutokea usoni, kisha huenea mwili mzima. Wengi hupona, lakini wengine huwa vipofu, na wengine hufa.

Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga. Kwa hiyo, ili kuuzuia, yafaa watoto 95 katika kila 100 wachanjwe.

Mwaka 2018 Ebola ilizuka Kivu ya Kaskazini, ikafika Ituri. Ilipokwisha mwaka 2020, ilikuwa imeua watu 2,287, na dunia nzima ilisikia. Miaka ile ile surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Congo, hasa watoto wadogo. Nani alisikia? Na chanjo ya surua ipo tangu mwaka 1963! Mbona basi watoto walikufa?

Tuifuate chanjo mpaka Rumangabo. Kwanza, yataka baridi: si chini ya digrii 2, wala si juu ya digrii 8. Kutoka Goma husafiri ndani ya sanduku la barafu. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo huharibika.

Pili, mara nyingi chupa moja hutosha watoto 10, na ikisha kufunguliwa haidumu zaidi ya saa 6. Wakija watoto wawili tu, muuguzi husita kuifungua. Mama aliyetembea mbali huambiwa arudi siku nyingine. Je, atarudi?

Tatu, vita. Vita vya M23 vilipoanza tena mwishoni mwa mwaka 2021, watu wengi wa Rutshuru walikimbia. Mwaka 2022 maelfu walijaa kambini Kanyaruchinya, karibu na Goma. Anayekimbia hubeba mtoto na chungu. Karatasi ya chanjo hubaki nyumbani. Na katika kambi iliyosongamana, surua hupita kama moto katika majani makavu.

Nne, hofu. Mtoto akipata homa kidogo baada ya sindano, jirani husema, “Wamemtia ugonjwa.” Sivyo. Mwili wake unajifunza kupigana.

Sindano ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Ya pili hufuata katika mwaka wake wa pili. Moja peke yake haitoshi. Wewe unayejua kusoma, soma karatasi ya mdogo wako, umkumbushe mama siku yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Surua huenea kwa njia gani?
2. Kwa nini chanjo husafirishwa na barafu?
3. Kwa nini muuguzi husita kufungua chupa?
4. Mdogo wako ana miezi mingapi? Amechanjwa mara ngapi?